Nakala ya Somo la Banjo ya Tanner: nyuso zimegeuka rangi ya majivu, nifanyeje?

MwandikaVibao, Majengo

Assalamu alaykum wakubwa zangu na wenzangu.

Mimi ni fundi wa kuandika vibao vya maduka hapa Majengo, Mombasa. Kazi hii niliirithi kwa babu yangu, ambaye katika ujana wake alikuwa akiandika majina ya majahazi katika Bandari ya Kale, na ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa mtoto akanifundisha kuvuta mstari wa brashi kwa pumzi moja. Alifariki mwaka juzi. Tangu hapo nimekuwa na hamu ya kujifunza kuchora kwa rangi za mafuta za wasanii, zile za mirija, na nilipokuwa nikitafuta picha ya kunakili nilikutana na The Banjo Lesson, yaani Somo la Banjo, iliyochorwa mwaka 1893 na Henry Ossawa Tanner, Mmarekani mweusi aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake nchini Ufaransa. Ndani ya chumba cha watu wasio na kitu, mzee ameketi, mtoto amesimama kati ya magoti yake, na mzee anamshikilia shingo ya banjo ili vidole vya mtoto viweze kufanya kazi yake. Siku niliyoiona sikuandika kibao chochote, kwa sababu mkono ule ninaujua.

Nimeishughulikia kwa wiki sita, kila usiku baada ya sala ya isha, chini ya taa ya umeme. Nilinunua merikani kwenye maduka ya vitambaa ya Barabara ya Biashara, nikaiwamba kwenye fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 50, nikaipaka mara mbili rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, kisha nikachora kwa penseli huku nikitazama simu. Nilianza na nyuso kwa kuwa ndizo zilizonivuta, nikazimaliza kabisa, halafu nikapaka nguo, na mwisho ukuta na sakafu.

Linaloniumiza zaidi ni nyuso hizo. Nilipozimaliza zilionekana vizuri, lakini sasa ukuta umekamilika na nyuso zimekuwa za kijivu, kana kwamba mzee na mtoto wamepakwa majivu. Kila ninapojaribu kuzirekebisha kwa kuongeza nyeupe hali inazidi kuwa mbaya. Jambo la pili ni kwamba watu hawa hawakai ndani ya chumba, bali wanaonekana kama waliokatwa kwa mkasi na kubandikwa. Aidha, sehemu za giza zimefanya mabaka, mahali pengine pana mng'aro na pengine pamefifia kabisa, na upande wa chini, ambako nilitumia mafuta mengi ili rangi iteleze, bado unanata ukiugusa kwa kidole.

Naomba mnieleze kosa langu liko wapi, na kama niendelee kuirekebisha kazi hii au nianze upya. Sitaki kuuza nakala wala kujisifu kwayo. Nataka kujifunza, kisha siku moja nimchore babu yangu mwenyewe.

MwalimuWaRangi, Tudor

Wa alaykumu salaam ndugu yangu fundi, na Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako.

Nimeitazama picha ya kazi yako kwa muda mrefu, na kabla ya kuzungumzia rangi nataka tuzungumzie vipimo, kwa sababu hapo ndipo tatizo la kwanza lilipoanzia. Picha ya Tanner, ambayo iko katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia, ina urefu wa takriban sentimita 124.5 na upana wa takriban sentimita 90. Ukigawanya utaona kwamba urefu ni upana mara 1.38 hivi. Fremu yako ya 60 kwa 50 ina uwiano wa 1.2. Kwa hiyo ulikuwa na njia mbili tu, ama kukata sehemu ya juu au ya chini ya picha, ama kuwatanua watu, na wewe umewatanua bila kujua, ndiyo maana mabega ya mzee ni mapana kuliko inavyostahili na mtoto amekuwa mnene. Ukitengeneza fremu ya 62 kwa 45 utakuwa na nusu kamili ya vipimo vya asili, au karibu sana na hapo. Kisha gawa kila upande kwa nusu, na nusu tena, na nusu tena, hadi upate visanduku 64 kwenye kitambaa na visanduku 64 kwenye karatasi iliyochapishwa. Tafadhali uichapishe, wala usinakili kutoka kwenye simu, kwa maana kioo cha simu kinatoa nuru yake chenyewe ilhali rangi haitoi nuru, na utakuwa unashindana na kitu usichoweza kukifikia.

Sasa nyuso. Umesema zilikuwa nzuri zikaharibika baada ya ukuta kukamilika, na nadhani hukuona kwamba katika sentensi hiyo umejijibu. Katika picha hii vichwa vyote viwili ni vyeusi vikiwa mbele ya ukuta mng'avu, na uzuri wote wa picha umesimama juu ya tofauti hiyo. Wewe ulipaka nyuso kwanza, huku zikizungukwa na kitambaa cheupe pe. Mbele ya weupe ule kila rangi ya ngozi uliyoiweka ilionekana nzito mno, ukaipunguza kwa nyeupe, ikaonekana bado nzito, ukaipunguza tena. Ulipokuja kupaka ukuta, ambao kwa kweli si mweupe hata kidogo bali ni wa kijivu chenye umanjano na ubuluu, weupe uliokudanganya uliondoka na nyuso zikabaki na nyeupe yote uliyoimimina ndani yake. Hukukosea rangi ya ngozi. Ulikosea utaratibu, na kosa hili hulifanya karibu kila mwanafunzi anayependa nyuso kuliko vyumba.

Tena nyeupe ya titani ina nguvu kubwa na ni baridi. Ukiiingiza katika kahawia hupati kahawia yenye mwanga, unapata chokaa. Ngozi nyeusi huangazwa kwa namna nyingine: kwanza iongezee joto, kwa siena iliyochomwa na oka ya manjano, ambazo ni rangi za udongo, na chembe ya nyekundu, na nyeupe uiweke mwisho kabisa, mahali padogo tu ambapo nuru inapiga na kurudi, kama kwenye paji la uso na ncha ya pua. Na hata hapo isiwe nyeupe tupu, bali iwe na rangi ya nuru yenyewe.

Hili la nuru ndilo nililotaka kufika. Tanner alisoma Philadelphia kwa Thomas Eakins, mwalimu aliyewasisitizia wanafunzi wake wauchunguze mwili kabla ya kuupaka rangi, kisha mwaka 1891 akaenda Paris. Aliporudi Marekani kwa muda mwaka 1893 akachora picha hii. Ndani yake kuna nuru mbili. Moja inaingia kutoka kushoto, baridi, ya kibuluu, nuru ya mchana. Nyingine inatoka kulia, ya joto, nuru ya moto wa mekoni ambao hatuuoni. Nuru hizi zinakutana juu ya mzee na mtoto. Maana yake ni kwamba huwezi kuwachora watu hawa peke yao halafu ukatafuta chumba cha kuwaweka, kwa kuwa kila kipande cha mashavu yao kimepakwa rangi na chumba. Upande mmoja wa kichwa si wa mwanga na mwingine wa kivuli, bali mmoja ni wa baridi na mwingine wa joto, na mara nyingi giza lake ni sawasawa. Umekuwa ukitafuta tofauti ya weupe na weusi mahali ambapo Tanner aliweka tofauti ya baridi na joto.

Kuhusu kubandikwa, sababu ni ufundi wako mwenyewe. Mwandishi wa vibao amefunzwa kwamba ukingo wa herufi lazima uwe mkali ili usomeke kutoka upande wa pili wa barabara, nawe umeuzungushia mwili wa mzee ukingo wa namna hiyo hiyo kutoka kichwani hadi miguuni. Finya macho uitazame picha ya asili. Utaona mahali ambapo nguo ya mzee na giza la nyuma yake vimekuwa kitu kimoja, hata huwezi kusema wapi mtu ameishia. Acha ukingo mkali kwenye vichwa, ambako giza linakutana na ukuta mng'avu, na kwenye banjo. Kwingineko pitisha brashi kavu iliyo safi juu ya mpaka wakati rangi zote mbili ziko mbichi.

Ushauri wangu ni kwamba uanze upya, kwa amba iliyochomwa, ile rangi ya udongo ya kahawia nzito, peke yake. Paka kitambaa kizima utando mwembamba wa amba, kisha kwa kitambaa laini ufute palipo na nuru na uongeze amba palipo na giza, ukuta kwanza, sakafu na meza yenye kitambaa cheupe kule nyuma, halafu watu. Jioni mbili zinatosha. Piga picha kazi yako, uiondoe rangi kwenye simu, yaani iwe nyeusi na nyeupe, na uiweke kando ya picha ya Tanner iliyoondolewa rangi vilevile. Usiguse rangi nyingine yoyote hadi picha hizo mbili zifanane.

FundiWaFremu, Changamwe

Mwalimu amesema yote kuhusu jicho, nami nitasema kuhusu merikani na mafuta, kwa sababu kazi za namna hii huletwa kwangu kutiwa fremu zikiwa tayari zimeharibika.

Rangi ya maji ya ukutani imetengenezwa kwa ajili ya plasta. Juu ya merikani inakuwa kama mkate mkavu, inanyonya mafuta yaliyo ndani ya rangi yako na kuiacha rangi bila kitu cha kuishikilia. Ndiyo asili ya yale mabaka yaliyofifia. Tafuta jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa, upake mikono mitatu, yaani mara tatu, na kati ya mkono na mkono upitishe msasa laini. Usithubutu kupaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya kitambaa kitupu, kwani mafuta ya kitani yakikauka huozesha nyuzi za pamba. Mabaka uliyo nayo sasa yanaweza kurudishwa: pale palipokauka sawasawa, pakaa mafuta ya kitani machache mno kwa kitambaa, kisha ufute hadi uone kama hukupaka kitu, na giza litarudi kama lilivyokuwa siku ya kwanza.

Kunata kule chini kunanifanya nikuulize ni mafuta gani uliyotumia. Iwapo ni yale ya kitani yaliyochemshwa yanayouzwa madukani kwa ajili ya milango na samani, hayakutengenezwa kwa picha. Yana vikaushio, huwa meusi kwa haraka na hukunjamana yakiwekwa kwa wingi. Tumia yaliyosafishwa kwa wasanii, na hata hayo kwa tone. Watu wengi hapa mjini hudhani rangi ya mafuta hukauka kama nguo kwenye kamba, yaani kwa maji kutoka. Sivyo. Mafuta hayatoki. Yanaingiza hewa ndani yake na kugeuka kuwa kitu kigumu, kwa hiyo tabaka nene hufunga juu na kubaki bichi chini, na msimu wa mvua za masika, hewa inapojaa maji, unasubiri zaidi. Usiifungie kazi kabatini ukidhani unaikinga na vumbi, maana gizani mafuta huwa ya manjano. Itundike ukutani mbali na jua kali.

Kanuni ya mafundi wa zamani ni kwamba tabaka la chini liwe konda na la juu liwe nono. Amba ya mwanzo izimuliwe kwa tapentaini, tabaka zinazofuata ziongezewe mafuta kidogo kidogo. Amba hukauka upesi kwa sababu ina madini ya manganizi ndani yake, kwa hiyo inafaa sana kuwa ya chini. Nyeusi ya mfupa hukauka polepole, basi usiijaze chini ya kitu chochote, la sivyo kitapasuka. Wala usizimue kwa mafuta ya taa, kwani yanaacha utelezi. Vanishi isubiri miezi sita au mwaka.

Na tafadhali sana, vile vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye kopo la bati lenye maji. Fungua madirisha unapotumia tapentaini, hasa ikiwa watoto wanalala chumba hicho.

Mchoraji wa Likoni

Kwa heshima zote kwa mwalimu, mimi siafiki kwamba aanze tena na picha nzima. Chumba, watu wawili, vyombo sakafuni, meza ya nyuma na nuru mbili ni mzigo mkubwa kwa mtu ambaye ameshika brashi ya mafuta kwa wiki sita tu, na akishindwa mara ya pili huenda akaiacha kazi yenyewe. Ningependa akate kipande kimoja, kile chenye mikono na banjo pamoja na sehemu ya uso wa mtoto, akinakili kwenye ubao wa sentimita 30 kwa 30, mara tatu au nne, hadi mkono wa mzee uwe na mifupa ndani yake. Hata katika Louvre, makumbusho ya Paris, ambako wachoraji wamekuwa wakiruhusiwa kunakili tangu ilipofunguliwa mwaka 1793, nakala hairuhusiwi kuwa na ukubwa sawa na picha ya asili, kwa hiyo hakuna anayelazimika kufuata kipimo cha mwenye kazi. Na ile ya kwanza usiitupe, uitundike mahali utakapoiona kila siku.

MwalimuWaRangi, Tudor

Ndugu wa Likoni, umesema kweli kuhusu mzigo, na ningekubaliana nawe kama picha ingekuwa nyingine. Lakini fundi huyu ana mkono thabiti tayari. Anachokosa ni kuona chumba kizima kwa pamoja, na kipande cha mikono hakiwezi kumfundisha hilo, kwa kuwa ndani ya kipande hicho ukuta haumo. Basi na afanye hivi: amba kwa picha nzima, kisha kabla ya kuingia kwenye rangi anakili mikono peke yake kama ulivyosema.

MzeeWaKuze, Mji wa Kale

Wanangu, mimi si mchoraji wa picha za watu, nilikuwa fundi wa kuchonga milango hadi macho yaliponipunguka, lakini nuru ya nyumba zetu naijua. Kijana amesema anafanya kazi usiku chini ya taa. Taa ile ina umanjano, na kila rangi anayoichanganya chini yake asubuhi itamkana. Huenda kijivu kile kilizaliwa hapo pia.

Vitabu vya Ulaya vinamwambia mchoraji aketi kwenye dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua haliingii upande huo. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Tangu Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la mchana liko upande wa kibla, yaani kaskazini, kwa hiyo dirisha la kibla litakuletea jua juu ya kazi yako, na la kusini ndilo litakalokupa nuru tulivu. Miezi iliyobaki mambo hugeuka. Basi kijana ahamishe kiti chake kulingana na mwezi, na achoree asubuhi ya Jumapili kabla ya kufungua duka.

Na hizo nuru mbili anazozieleza mwalimu, mwanangu, huna haja ya kuzitafuta Marekani. Nenda nyumba yoyote ya zamani hapa Mji wa Kale, saa kumi na moja jioni, jiko la makaa likiwa limekolea ndani na dirisha likiwa wazi kwenye kichochoro. Mwombe mtu aketi katikati, mtazame shavu lake upande wa jiko, kisha upande wa dirisha. Ukuta wa chokaa ulio nyuma yake utaona si mweupe. Kaa hapo nusu saa bila kushika brashi.

MwandikaVibao, Majengo

Wakubwa zangu, nimerudi baada ya wiki tano, na ninawashukuru kwa moyo wangu wote.

Fundi alikisia sawa, mafuta yangu yalikuwa yale ya milango. Nimeyaweka mbali. Nimewamba merikani mpya ya 62 kwa 45, nikapaka jeso mikono mitatu, na amba ilinichukua jioni nne badala ya mbili kwa sababu kila nilipoiondoa rangi kwenye simu niliona ukuta wangu ni mweupe mno na sakafu ni nyepesi mno. Sikujua kwamba katika chumba kile weupe wa kweli ni mchache kiasi hicho, upo kwenye kitambaa cha meza na vyombo vya nyuma, na kwenye ndevu za mzee wala si wote.

Nilikwenda Kuze kama alivyoniagiza mzee. Shangazi yangu anaishi huko, nikamwomba aketi karibu na jiko lake. Upande wa makaa shavu lake lilikuwa na rangi ya shaba, na upande wa dirisha palikuwa na ubuluu juu ya mfupa wa shavu ambao maisha yangu yote nimeupita bila kuuona. Niliporudi nyumbani nilichanganya amba iliyochomwa na buluu ya ultramarini kwa upande mmoja, siena na oka kwa upande mwingine, bila nyeupe, nikaviweka kwenye kichwa cha mzee. Kwa mara ya kwanza akaketi ndani ya chumba chake.

Mikono nimeinakili mara tatu kwenye vipande vya mbao. Wa tatu unafanana. Ila sasa nimekwama kwenye uso wa mtoto. Ameinamisha kichwa kuitazama banjo, uso wake karibu wote uko kivulini, na kila ninapoonyesha macho na mdomo vinatokeza mbele kama herufi za kibao. Nikiviacha, uso unakuwa tupu. Naomba msaada wa mwisho kwa hilo.

MwalimuWaRangi, Tudor

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, hasa kwa ule ubuluu kwenye shavu la shangazi.

Kuhusu mtoto, usichore macho. Tanner ameweka kope zilizoshuka, na kope hizo ni kahawia mbili zinazokaribiana sana, moja yenye joto kidogo kuliko nyingine. Changanya rangi ya kivuli cha uso mzima kwanza, uipake yote pamoja na mahali pa macho na mdomo, kisha ichukue rangi hiyo hiyo kwenye kibao chako cha kuchanganyia rangi, utie chembe ya amba kwa kope na chembe ya nyekundu kwa mdomo wa chini, ukivipaka vikiwa vibichi ndani ya ubichi. Ukiweza kuviona vizuri ukiwa umesimama hatua moja, umevizidisha. Simama hatua tatu nyuma, mahali ambapo ungesimama kusoma kibao chako mwenyewe, na utuonyeshe utakapofika hapo.